Taa za nje kwa nyumba ya Tanga: anza na skrubu

Nguzo za geti langu hapa Raskazone zina michirizi ya rangi ya chai inayoshuka kwenye ukuta mweupe. Nimeisugua kwa ndimu, nikapaka rangi upya, na bado inatokeza. Ni kutu ya skrubu.

Taa zenyewe nilinunua shilingi 45,000 kila moja, nyeusi, za mtindo wa kandili, boksi limeandikwa IP65. Bodi ilikuwa aluminiamu kweli. Skrubu nne zinazoshika kioo ndizo zilikuwa chuma cha kawaida, na msimu mmoja wa kusi ulitosha kuzimaliza. Globu ilipoungua, fundi akatia bisibisi, kichwa cha skrubu kikakatika. Ikabidi aje na grainda, na taa nzima ikaharibika kwa ajili ya kubadilisha globu moja.

Wati na rangi ya mwanga muuzaji yeyote atakueleza. Hiyo IP65 ndiyo inayotudanganya watu wa pwani. Ile 6 maana yake vumbi haliingii, na 5 maana yake taa inastahimili maji ya kurushwa kwa bomba. Haisemi lolote kuhusu chumvi. Halafu chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huanza kuliwa: utaona unga mweupe ukizunguka tundu la skrubu.

Kwa hiyo nenda dukani na sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Ikinata kwa nguvu kwenye skrubu, rudisha taa kwenye rafu. Stenlesi nzuri, yaani chuma kinachostahimili kutu, haivutwi, au huvutwa kidogo sana.

Namba moja kwangu ni taa ya duara ya ukutani ya plastiki ngumu, polikaboneti, yenye kifuniko cha kuzungusha au cha klipu. Haina skrubu ya nje ya kuoza. Hakikisha ina mpira mzima unaozunguka kifuniko, na waya uingie kwa chini ili mvua isiteremke nao hadi ndani. Ndani weka globu ya Philips, wati 7 inatosha kibaraza, mwanga wa njano wa kati ya 2700K na 3000K, maana mweupe huita wadudu zaidi. Philips naipenda na sifichi. Ya jikoni kwangu nimesahau hata ina miaka mingapi. Ukiona boksi lina jina Signify usidhani ni feki: kampuni ya taa za Philips ilibadili jina mwaka 2018. Ila soma boksi kama globu inaruhusiwa kwenye taa iliyofungwa, maana joto huziua mapema.

Ya pili ni taa ya shaba ya mtindo wa meli. Bei yake inauma. Itageuka kijani, lakini haitakuachia michirizi ya rangi ya chai ukutani, na nyumba ya zamani yenye baraza inapendeza nayo kuliko kitu kingine chochote.

Ya tatu ni stenlesi, ikiwa tu ni daraja la 316. Ile ya 304 karibu na bahari hutoa madoa yaleyale ya chai. Aluminiamu inakuja baada ya hapo, na ukiipenda sana badilisha skrubu zote uweke zilizoandikwa A4, yaani stenlesi ya kundi la hiyo 316, uzipake grisi kabla ya kukaza.

Taa ndogo za sola za kuchomeka bustanini ni za mapambo. Chini ya mwembe hazipati jua, basi.

Kinachoniudhi ni madukani. Nimeomba kufungua boksi nione skrubu, nikajibiwa, "Dada'angu, ukifungua umenunua." Niliporudisha ile iliyooza nikaambiwa gwaranti haihusu maji. Taa ya nje, gwaranti haihusu maji! Mtu wa Korogwe, mbali na bahari, akiinunua taa hiyohiyo huenda ikamkalia miaka, lakini sisi tunauziwa kwa bei ileile, bila neno, huku upepo wa bahari unaingia mpaka mlangoni kwa muuzaji mwenyewe. Skrubu nne za stenlesi zingeongeza kiasi gani kwenye 45,000?

Sasa nanunua Ngamiani, kwa kijana anayenipa bisibisi nifungue taa juu ya meza yake. Nikimaliza kupitisha sumaku, ndipo natoa hela.