Boriti ndefu za zege kutoka karakana ya Nyakato: kazi nzuri, viegemezi vya kando vilisahaulika

Kwa ajili ya ukumbi wa kanisa huko Buswelu, tuliagiza boriti nane kutoka karakana moja ya Nyakato ambayo huzimwaga, huzisafirisha na kuzipandisha kwa kreni. Kila boriti ina urefu wa mita 14, upana wa milimita 200, kimo cha milimita 900 na uzito unaopita tani 6. Zege lenyewe ni la kusifiwa: hapakuwa na mashimo ya kokoto wala nondo iliyochungulia, na nilipovuta kamba ubavuni kutoka ncha hadi ncha, mwachano wa katikati haukufika upana wa kidole. Niliivuta alfajiri, kwa kuwa jua likichoma ubavu mmoja, upande huo hutanuka na boriti iliyonyooka huonekana imepinda.

Unyanyuaji pia ulinifurahisha, maana minyororo ilining'inia wima kutoka kwenye chuma kirefu. Minyororo ya mshazari huikandamiza boriti kutoka ncha zote mbili, ikawa rahisi zaidi kupinda.

Lawama yangu ni moja, nayo ni nzito. Boriti nyembamba yenye kimo kikubwa inaweza kuanguka kabla zege lake halijaelemewa, kwa sababu ukingo wa juu, unaobeba mkandamizo, huchomoka kando huku boriti nzima ikijisokota. Kanuni za BS 8110, yaani kanuni za Uingereza za kusanifu majengo ya zege, ambazo wahandisi wetu wengi bado huzitumia, zinataka nafasi kati ya viegemezi vya kando (vishikizi vinavyoizuia boriti isiende upande) isizidi upana mara 60, wala mraba wa upana mara 250 ukigawanywa kwa kimo fanisi, yaani kimo kutoka ukingo wa juu hadi katikati ya nondo za chini. Kwa boriti zetu hesabu ya kwanza inatoa mita 12 na ya pili kama mita 11.8, hivyo mita 14 zisizoshikwa popote katikati hazikubaliki. Slabu ikishamwagwa itaushika ukingo wa juu. Hatari iko katika siku za kuisubiri.

Hata hivyo, boriti ya kwanza ilipokalia nguzo, kiongozi wa mafundi aliamuru minyororo ifunguliwe. "Injinia, tani sita haziyumbi," aliniambia. Nilikataa, kwani uzito huo ndio unaoiangusha ikishainama. Kreni iliishikilia kwa saa mbili hadi tulipoleta mirunda na waya wa chuma, tukaishika kwenye ncha zote na katikati. Boriti ya pili walitaka kuifunga kwenye ya kwanza tu, nikaongeza mirunda ya mshazari, kwa sababu boriti mbili zilizofungana zinaweza kulala pamoja upande mmoja.

Siku ya pili walikuja na mirunda yao wenyewe, na kazi ikaenda vizuri. Nitawaita tena, ila viegemezi vya kando vitaandikwa kwenye mkataba pamoja na bei yake. Gharama ya zile saa mbili za kreni wameiweka kwenye ankara ya kanisa, na hilo bado tunalipinga.