Tyuna ya FM ya valvu: nzuri mno, ila chunga nani anaifungua

Tyuna hii (kipokezi cha redio kinachotumia valvu, zile taa za kioo za zamani), ya miaka ya mwanzo ya stereo ya FM baada ya 1961, ningeipa nyota tano bila kusita. Leo sijui nitoe ngapi, maana nimerudishiwa ikiwa imeharibiwa na fundi.

Shida ilikuwa muungurumo tu. Muungurumo mzito usiokoma hata ukihama stesheni ni dalili ya kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) kubwa za kuchuja umeme zilizokauka. Zibadilishe hizo. Ukiwa humo humo, toa na za karatasi zinazounganisha valvu na valvu, kwa sababu zikivuja zinapitisha volti kwenye gridi (waya wa ndani ya valvu unaodhibiti mkondo) na sauti inakwaruza. Weka za plastiki zenye thamani ileile, volti 400 au zaidi. Kazi imekwisha.

Fundi yeye akachukua bisibisi ya chuma akaanza kuzungusha kori (vijiti vya ndani ya koili) za transfoma za masafa ya kati, zile zinazochuja stesheni ndani ya redio. Kwa sikio! Bila jenereta ya mawimbi, kifaa cha kutoa mawimbi ya kupimia! Kori zile ni za feriti au unga wa chuma ulioshindiliwa, zinakatika kama biskuti, na kiwandani zilifungwa kwa nta ili zisiguswe. Chuma kikikaribia koili kinabadilisha masafa yake, ukikitoa tu kila kitu kinahama tena. Kori moja imepasuka na kukwama. Nilipolalamika akanijibu, "Kitu cha zamani hicho, mzee, unategemea nini?" Nategemea usiguse kisichoumwa!

Kori hazihami zenyewe. Mapokezi yakififia, pima kwanza volti kwenye miguu ya valvu ulinganishe na mchoro, jaribu valvu nzima, kagua rezista (vipinga mkondo) za kaboni ambazo uzee huzipandisha thamani. Ikibidi kurekebisha, iache iwake dakika 20 ipate joto, ingiza mawimbi ya megahezi 10.7, tumia ufunguo wa plastiki unaokaa sawasawa kwenye tundu la kori. Baada ya uharibifu ule stereo yangu ndiyo imeumia zaidi: kila "s" ya mtangazaji inapasuka, kushoto na kulia vimechanganyika.

Nilitaka kuandika kwamba msinunue kabisa vitu hivi. Lakini kabla ya kuguswa, sauti ya mtu ilikuwa na kifua, unasikia hadi anavyovuta pumzi kabla ya sentensi, na stesheni dhaifu ilikuja safi. Sijapata hilo kwenye redio mpya niliyonayo. Kwa hiyo nunueni, ila iliyokaa miaka bila kuwashwa msiichomeke moja kwa moja: pitisheni umeme kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo uingie kwenye tyuna. Ikiwaka kwa nguvu isififie, zimeni, kuna shoti. Na msitie mkono ndani hata baada ya kuchomoa mpaka mmepima kapasita na kuona zimeisha chaji; zinabeba volti 200 na zaidi.

Nyota nne kwa tyuna. Kwa fundi, hata moja sitoi. Sasa natafuta transfoma kama ile kutoka tyuna iliyokufa, na safari hii naifunga mwenyewe.