Beji haipatikani kwa kuhudhuria tu: maoni ya mzazi kuhusu kikundi cha skauti Mbeya

Kijana wangu ana miaka 13, na kwa mwaka mmoja na nusu amekuwa skauti katika kikundi kinachokutana kila Jumamosi asubuhi hapa Mbeya mjini. Kwa wazazi wanaoniuliza kama watoto wanapandishwa ngazi kwa haki, jibu langu ni ndiyo, ingawa lipo jambo moja linalonisikitisha.

Kila mtoto ana kadi yenye orodha ya stadi, na hakuna stadi inayotiwa saini mpaka kiongozi aione ikifanywa kwa mikono ya mtoto mwenyewe. Katika kambi ya Julai kwenye milima ya Poroto, ambako ukungu huloanisha kuni hata katika miezi isiyo na mvua, kijana wangu alipewa njiti mbili za kiberiti awashe moto, na zote zikazimika. Kiongozi hakumfokea, wala hakumtilia saini kwa huruma. Alimwonyesha namna ya kupasua ukuni hadi kuufikia moyo wake mkavu, kisha akamwambia ajaribu tena kambi ijayo. Kwa majuma kadhaa ua wetu ulijaa vibanzi vya mlingoti. Mwezi Septemba moto uliwaka kwa njiti ya kwanza, na kadi ile alimpelekea bibi yake kabla hata ya kuvua viatu.

Skauti wa Marekani, ambao wana ngazi 7, hufuata utaratibu unaofanana na huu: kijana hujifunza, hupimwa, huhojiwa na jopo, ndipo hutambuliwa. Ngazi yao ya juu, Eagle Scout, hudai beji 21 za ustadi pamoja na mradi wa kuihudumia jamii ambao kijana anauongoza mwenyewe, na masharti hayo yote ayatimize kabla hajafikisha miaka 18.

Kikundi chetu kina ngazi zake, na katika kufundisha na kupima sina lawama. Kinacholegalega ni kutambua. Beji aliyofuzu Septemba alivishwa Februari, kwa kuwa sherehe ilimsubiri mgeni rasmi, na katika miezi hiyo mitano wenzake wawili wa patroli waliacha kuja. Nimewaomba viongozi wamvishe mtoto beji Jumamosi inayofuata mara tu anapofuzu, mbele ya wenzake, na wameahidi kuanza muhula ujao.

Mzazi anayeandikisha mtoto aombe kuiona kadi siku ya kwanza, na anunue sweta nzito mapema, kwani usiku wa Poroto ni baridi kweli.