GPSMAP 79s au eTrex 22x: GPS ipi ya mkononi inafaa bahari yetu?

Mwenye boti wa Unguja, Pemba au Tanga anayetafuta GPS ya mkononi aghalabu huishia kuchagua kati ya vifaa viwili vya Garmin: eTrex 22x, ambayo ni ndogo na ya bei nafuu, na GPSMAP 79s, ambayo ni kubwa na ghali zaidi. Zote mbili hutumia betri mbili za AA, zile zinazopatikana hata katika duka la kijijini, na zote zina kiwango cha IPX7, yaani zinastahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa muda wa betri eTrex ndiyo inayoongoza, kwani mtengenezaji anaihesabia saa 25 na mwenziwe saa 19. Pamoja na hayo, kwa mtu wa baharini ninaipendekeza 79s, na sababu ya kwanza ni kwamba inaelea.

eTrex ikiponyoka mkononi huenda chini moja kwa moja, na kati ya Tanga na Pemba chini ni mamia ya mita. Anayeinunua kwa ajili ya bahari hana budi kuifungia boya dogo.

Sababu ya pili ni vitufe. Katika 79s vimewekwa juu ya kioo, kwa hiyo kidole gumba hakizibi ramani, na mkono wa pili unabaki kwenye usukani. Hubonyezeka hata kwa kidole kilicholowa na kujaa magamba ya samaki, hali ambayo kioo cha simu hakiivumilii. Kitufe cha FIND kikishikiliwa, kifaa huweka alama ya mahali mtu alipoanguka majini na kuanza kumwongoza nahodha kurudi hapo. Kwangu mimi, hilo peke yake linahalalisha sehemu kubwa ya bei.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji habari za ramani. 79s huja na ramani ya jumla tu isiyofaa kupitia kwenye miamba, na toleo lenye ramani za bahari lililoletwa na ndugu kutoka Marekani huenda likawa na pwani za huko. Vilevile usishawishiwe na sifa ya WAAS, kwa sababu mfumo huo wa kusahihisha vipimo ulijengwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini. Na hata ukipata ramani nzuri, kumbuka kwamba wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, kwa hiyo fungu ulilolipita asubuhi bila wasiwasi linaweza kuwa limeanikwa juani wakati wa kurudi, na kifaa hakitakuambia.

Makosa mengi yanayolaumiwa GPS hutokana na mipangilio yake. Ramani nyingi za zamani za nchi kavu za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa kipimo cha kuhesabia nyuzi za mahali kiitwacho Arc 1960, ilhali GPS hutoka kiwandani ikiwa katika kipimo kingine, WGS 84. Ukihamisha namba kutoka kimoja hadi kingine bila kubadili mpangilio, unakosea kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kabisa kukukosesha mlango wa kupitia kwenye mwamba. Uandishi wa dakika nao una hatari yake. Mvuvi akikutajia mahali pa samaki kuwa ni nyuzi 6 na dakika 10.50, amekusudia dakika kumi na nusu. Ukiingiza dakika 10 na sekunde 50, utatega zaidi ya mita 600 kusini ya mahali penyewe. Kubalianeni kwanza mnaandika vipi, ndipo mpeane alama.

Anayepanda milima ya Usambara na kuingia baharini mara chache tu achukue eTrex, kwa kuwa ni nyepesi na hukaa mfukoni. Anayevua mbali, ambako simu haina mtandao, aitazame GPSMAP 86i, inayoweza kutuma ujumbe na kuomba msaada kwa setilaiti za Iridium, ingawa huduma hiyo hulipiwa ada na betri yake ni ya ndani ya kuchaji, kwa hiyo ikiisha chomboni bila chaja hakuna ya akiba ya kubadilisha.