Kuruka tabaka: DVD na Blu-ray

Fundi wa Darajani akiletewa deki inayoganda katikati ya filamu, aulize kwanza: diski ni DVD au Blu-ray? Diski ya tabaka mbili humlazimu msomaji wa leza kuhama kutoka tabaka moja hadi nyingine katikati ya filamu; huko ndiko kuruka tabaka. Kwenye DVD, leza ni nyekundu, nanomita 650, na tabaka zimeachana takriban mikromita 55. Saketi huachia fokasi (ulengaji wa mwanga kwenye tabaka), huipa koili ya lenzi pigo fupi la kusukuma, kisha pigo la kinyume la breki, na kushika tena pale ishara ya kosa, inayoonyesha fokasi imepotoka kiasi gani, inapokata sifuri. Breki ikichelewa, lenzi hupitiliza, ndipo picha inapoganda.

Blu-ray ni ngumu zaidi. Nafasi kati ya tabaka ni mikromita 25 tu, leza nanomita 405, na lenzi ina upana wa kinambari (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga ambayo lenzi hukusanya) wa 0.85. Unene ulio juu ya tabaka ukibadilika kidogo, mialo ya pembeni na ya katikati haikutani pamoja. Kwa hiyo lenzi ndogo ya kusahihisha husogezwa kwanza, kwa mota yake, ndipo kuruka kufanyike. Mota hiyo ikikwama, tabaka moja husomeka vizuri na nyingine haisomeki kabisa.

Kwa unyevu na chumvi ya pwani yetu, safisha lenzi kabla ya lolote: pamba, alkoholi ya isopropili, mkono mwepesi. Usikimbilie kuongeza nguvu ya leza, utaiua.