Dar–Mbeya kwa basi la mchana: lipia dirisha, mengine ni ziada

Kuna mdau aliuliza kama bado kuna haja ya kupanda basi la mchana kwenda Mbeya wakati ya usiku yamesharudi, unalala unaamkia Uyole, mlangoni mwa Mbeya. Mimi nasema haja ipo, ila kata siti ya dirishani, la sivyo panda tu ya usiku ulale zako. Jina la kampuni siweki maana zile za daraja la kati zote ni mama mmoja.

Huduma kwa ufupi. Tumetoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa 12 asubuhi kweli, siyo ile saa 12 ya mdomoni. Siti mbili kwa mbili, chaji inashika ukiishikilia waya kwa pembeni, AC ilifanya kazi mpaka Chalinze halafu tukafungua madirisha, na tivii ni muvi za kibongo sauti juu mpaka kichwa kinauma. Soda ya moto na biskuti. Konda ana adabu, suka (dereva) hana papara, nawapa saba kwa kumi.

Sasa dirishani. Hii barabara ukiikodolea macho unaanza kuelewa kwa nini mji uko pale ulipo na siyo kilometa kumi mbele, na mara nyingi sababu ni ndogo tu, kuna kitu kinalazimisha gari lipunguze mwendo. Chukua Chalinze. Hakuna bandari, hakuna mgodi, pale ni njia ya Tanga, Moshi na Arusha inaachana na ya Morogoro, basi. Magari yanapunguza mwendo, mtu akaleta mayai ya kuchemsha, mwingine akachoma mahindi, ikaja sheli, ikaja gesti, leo ni mji. Na treni haigusi Chalinze kabisa, reli ya Mjerumani iliyofika Morogoro 1907 ilipita Ruvu na Ngerengere, na SGR, reli mpya ya kisasa, nayo imefuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo Ngerengere ina stesheni ya kisasa na Chalinze ndio ina watu, jibu mwenyewe nani mshindi.

Hata mizani ya kupimia malori inazaa makazi, angalia Vigwaza au Mikese, malori yakipanga foleni dereva anasikia njaa, na penye dereva mwenye njaa mama lishe hakosekani.

Morogoro yenyewe ina sababu nzito zaidi, milima ya Uluguru inatoa maji na mji umekaa miguuni pake. Doma unapita unaona ndoo za nyanya. Halafu Mikumi, hapa ndio pananifurahisha, barabara inakata ndani ya hifadhi karibu kilometa 50, hakuna nyumba wala kibanda cha vocha, swala na nyani tu na lile bango la faini ukimgonga mnyama. Hifadhi ilianzishwa 1964. Ile inaisha tu, papo hapo mji wa Mikumi unaanza, loji kila upande na njia ya Ifakara inachepuka palepale. Sheria imechora mpaka na watu wamejenga mpaka mwisho wa mstari, yaani hawajaacha hata nafasi ya kupumua.

Kitu kingine utakiona ni umbo. Vijiji vingi vimejipanga kandokando ya lami, virefu balaa, lakini nyuma ya nyumba ya tatu ni shamba. Mimi nilidhani ni biashara tu. Mzee niliyekaa naye, mtu wa Ilula, akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa kila mtu na kilima chake, wakaja na Operesheni Vijiji tukaambiwa shukeni barabarani." Ndio ile ya miaka ya 70, watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao wakapangwa kwa mistari, na sehemu nyingi mstari wenyewe ulikuwa barabara ili huduma ziwafikie na serikali iwaone. Biashara ikaja kukaa juu ya mstari ambao tayari upo. Akaongeza kwamba shamba lake la zamani lilibaki mbali, alikuwa analifuata kwa miguu kila asubuhi, halafu akalala usingizi mpaka mlima Kitonga.

Ruaha Mbuyuni ni bonde la joto, mto upo, daraja lipo, na vitunguu vinatundikwa barabarani, nunua hapo usisubiri.

Lalamiko langu kubwa ni la msosi. Basi halikusimama mjini, limesimama kwenye hoteli moja iko peke yake porini, dakika chache tu, chipsi kuku bei ya kutisha na kuku mwenyewe mkavu, wakati suka na konda wanakula chumba cha ndani. Wote tunajua mkataba ukoje, wao wanaleta abiria, hoteli inawalisha. Ila pembeni ya hiyo hoteli nimeona tayari kuna wakala wa simu, msikiti mdogo, kinyozi na nyumba kadhaa za wafanyakazi. Huo ni mji unachipuka, na roho yake iko mkononi mwa wenye mabasi, wakihamisha mkataba kwenda mbele hapo patabaki magofu.

Iringa ni kinyume kabisa. Wajerumani walikuwa wanapigana na Wahehe, ngome ya chifu wao Mkwawa kule Kalenga waliivunja 1894, na mwaka 1896 wakaweka boma lao pale juu kilimani. Walitaka kuona adui, hawakuwaza abiria. Barabara hii yetu ya kwenda Zambia ikapita bondeni, sasa biashara ya njiani yote imeshuka Ipogolo, chini ya mji, na wewe unayeenda mjini unashushwa hapo upande bajaji.

Makambako usisinzie. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikitoka Dar inaachana na barabara, inazunguka bonde la Kilombero mpaka Mlimba, inapanda milima, na inakuja kukutana tena na lami hapo hapo Makambako, ambapo pia njia ya Njombe na Songea inachepuka. Reli, lami na njia panda sehemu moja. Ndio maana Njombe ina ofisi za mkoa lakini mzigo unashuka Makambako, watu wa Njombe mnisamehe. Vaa sweta, upepo wa pale haucheki na mtu.

Mbeya ilianza 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, ingawa dhahabu yenyewe iko upande wa Chunya huko. Mji umebanwa, mlima Loleza huku, milima ya Uporoto kule, hauna pa kunenepa umerefuka tu, Uyole, Sae, Mafiati, Mwanjelwa, Iyunga, wote wanategemea barabara hiyohiyo moja pamoja na malori ya Tunduma, lori likiharibika katikati mji mzima unasubiri. Tulimaliza mwendo mrefu wote salama halafu tukakwama tunaona taa za Nane Nane, ndani ya Mbeya kabisa.

Kwa wanaoenda Tukuyu au Kyela msifike stendi, mwambieni konda awashushe Uyole, njia inachepuka hapo na Coaster zinaita usiku na mchana. Begi la buti liwekeni karibu na mlango tangu mwanzo.