Lugha ya alama kamili au Makaton kwa kijana mwenye usonji?

Kijana mwenye usonji (autism) anaweza kusikia vizuri kabisa, lakini maneno yakamfikia yamevurugika. Alama ya mkono huonekana kwa macho, na mwalimu anaweza kuishikilia mkononi hadi ieleweke.

Makaton, mfumo wa alama ulioanza Uingereza miaka ya 1970, huambatanisha alama na maneno muhimu tu ya sentensi inayosemwa. Familia huimudu upesi, na hilo si jambo dogo: alama isiyojulikana nyumbani haimsaidii. Lakini msemaji huendelea kuzungumza, na sauti ndiyo iliyokuwa ikimlemea kijana.

Lugha ya alama kamili, yaani ile ya viziwi, ina sarufi yake na haihitaji sauti. Kwa mtu mzima naipendelea hii, kwani humwezesha kubishana, kusimulia, kukataa na kueleza sababu. Tena humfungulia jamii ya watu wanaoitumia kila siku. Ugumu upo: mionekano ya uso ni sehemu ya sarufi, na wengi wenye usonji huchoshwa na kutazama uso. Mwalimu asimlazimishe kamwe kumkazia macho.

Vidole vikiwa vizito, zote mbili zitahitaji msaada wa picha au tableti.